Aliyepita Nyuma ya Mwandishi

Wiki iliyopita mliniacha nimeketi sakafuni, cherehani yangu imekatika shingo, na mama mkwe ananiita kutoka chumbani kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Cherehani bado mbovu. Kijiko bado kinagonga. Basi tuendelee.

Uliyeyakosa matoleo ya nyuma, nisikuache gizani. Mimi ni fundi nguo. Mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliondoka kwenda ng'ambo kutafuta maisha, mwaka wa tano huu. Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Baadaye simu zikawa za kubahatisha, halafu zikakatika kabisa kama uzi mbovu. Aliniachia binti yetu, ambaye sasa yuko shule ya bweni, na aliniachia mama yake.

Mwaka jana mama akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Tangu siku hiyo mimi ndiye miguu yake.

Na kila Jumapili namdanganya. Namwambia, "Mama, mwanao kapiga simu, anakusalimu sana." Naye hunijibu, "Mungu amlinde." Niliona heri niubebe uongo huo kuliko kumzika mtu kwa sababu ya simu isiyolia.

Sasa tuje kwenye lililonikuta.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha mafundi nguo alikuja kunigongea mlango. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Fundi, kesho vaa vizuri. Wametukubalia. Tunakwenda kwenye televisheni kuona habari zinavyopikwa."

"Mwenyekiti, mimi nimechoka. Habari zangu zinanitosha."

"Ndiyo maana uje ukaone za wenzako. Nimeshaongea na jirani yako, atakaa na bibi."

Nikaenda. Si kwa kupenda. Nilichotaka ni nusu siku tu bila kusikia kile kijiko.

Wifi yangu naye alikuwemo. Huyu ni mdogo wake mume wangu, tunashona naye kikundi kimoja, na miaka yote hii nimemhesabu kama wa tumbo moja na mimi.

Tukapokelewa na binti mchangamfu, kavaa viatu vya raba visivyotoa sauti. Alitubandika vifuani vibandiko vya neno MGENI.

"Karibuni akina mama. Simu zizimwe. Mkiona taa nyekundu juu ya mlango, hata chafya mnaimeza."

Nilidhani chumba cha habari ni mahali pa kumeremeta. Kumbe ni meza zimesongamana kama zetu pale kikundi kinaposhonea, vikombe vyenye chai iliyokauka, na watu wenye macho mekundu kuliko yangu. Ile meza kubwa ya msomaji tunayoiona kila jioni imepakwa rangi mbele tu. Nyuma ni mbao tupu na gundi. Msomaji mwenyewe alikuwa amekaa pale anapitia taarifa yake, juu koti na tai, chini kaptula na malapa.

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Na sisi tunavyojiua kupiga pindo pande zote!"

Tukaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Nakikumbuka kicheko hicho, maana siku ile sikupata kingine.

Binti akatuingiza kwenye chumba chembamba, chenye giza na baridi ya kiyoyozi. Humo alikuwemo kijana mnene wa miwani, mbele yake vioo viwili vya kompyuta. Wenzake wanamwita Mkasi, kwa kuwa kazi yake ni kukata picha.

"Akina mama, sisi ni ndugu," akasema. "Nyinyi mnakata vitambaa, mimi nakata picha. Tofauti ni kwamba nyinyi mkikosea mnatia kiraka. Mimi nikikosea, kiraka chenyewe kinaonekana mji mzima."

Wakampenda papo hapo. Wakaanza kumuuliza kama ameoa.

"Ngojeni niwaonyeshe kazi ya leo," akasema, anacheka. "Huu ni ufunguzi wa kituo kipya cha mabasi, mji wa jirani. Picha zimepigwa jana."

Mji wa jirani ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Tunakwenda huko kununua vifungo.

Kwenye kioo akatokea mwandishi, kashika mikrofoni, anaeleza mambo ya msongamano na vumbi. Nyuma yake watu wanapita na mizigo yao.

"Sasa mwangalieni huyu mtoto," Mkasi akasema. "Hapa ndipo ninapopapenda."

Nyuma ya mwandishi alipita mwanamume kambeba mtoto wa kike mabegani. Mtoto akaiona kamera. Akapunga mkono, kwa madaha, kama malkia.

"Umemwona?" Mkasi akarudisha nyuma. Mwanamume akapita tena. Mtoto akapunga tena.

Chumba kikanyamaza. Mafundi nguo kumi na zaidi, wanawake ambao hata msibani huwa hawanyamazi, wakanyamaza.

"Mwanangu," Mwenyekiti akasema taratibu, "hebu simamisha hapo."

Picha ikaganda.

"Huyu si... Fundi, huyu si shemeji?"

"Watu wanafanana," nikasema.

Nilisema haraka mno. Hata mimi nilijisikia.

Bega la kushoto limeshuka chini ya la kulia, kwa sababu ya miaka ya kubeba mitungi ya gesi. Na kwenye mkono ulioshika mguu wa mtoto, kovu la moto kutoka kiwiko mpaka kiganja. Kovu hilo nililiuguza mimi. Niliosha usaha mimi, nikafunga kwa vitambaa vyangu mimi. Mtu anaweza kufanana na mtu. Kovu halifanani na kovu.

Na mtoto alikuwa na paji la uso la binti yangu.

Nikageuka kumtafuta wifi. Wenzangu wote walikuwa wanatazama kioo. Wifi yangu alikuwa ananitazama mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Na mimi nguo ndiyo kazi yangu, miaka yote sikukiona.

Binti wa raba alihisi hewa imebadilika, ingawa hakujua kwa nini. Akapiga makofi. "Haya akina mama, twende studio tukapige picha ya pamoja!"

Wenzangu wakatoka mmoja mmoja, kila anayepita ananigusa bega kama mfiwa. Mimi sikutoka. Akilini mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu: mama mkwe hajawahi kukosa taarifa ya habari ya saa moja. Hata siku ile aliyotoka hospitali, kitu cha kwanza alichouliza ni kama umeme upo.

"Mwanangu," nikamwambia Mkasi, "hii itaonyeshwa lini?"

"Leo, saa moja jioni. Habari ya tatu."

"Mkate huyo mwanamume."

Akacheka kidogo. Halafu akaniona uso, akaacha.

"Mama, hapa kila siku anakuja mtu kuomba akatwe. Leo asubuhi kaja mmoja kavunja duka la watu, anasema ile picha haikumtendea haki."

"Mimi siombi nikatwe mimi. Yule ni mume wangu."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Sote tunajua yuko ng'ambo," nikasema. "Mama yake ndivyo anavyojua. Yuko nyumbani, hawezi kusimama, na moyo wake ni wa kubembeleza. Akimwona pale mwanawe, mzima wa afya, saa mbili tu kutoka kitandani kwake, na hajaja hata kumjulia hali... Mwanangu, nitarudi nyumbani nikute maiti."

"Siwezi kumkata," akasema. "Mwandishi bado anaongea. Nikikata mtu, nakata na maneno."

"Basi."

"Ngoja." Akavaa miwani. "Naweza kumfunika. Naiacha sauti ya mwandishi iendelee, juu yake naweka picha nyingine. Lakini bosi ameshaipitisha hii. Akigundua, atanitafuna."

Sikuwa na la kumpa kijana wa watu, wala nguvu ya kupiga magoti.

Akaguna. "Mama yangu naye ana presha," akasema, kama anajisemea. Akagusa vidude vyake. Mwandishi akatokea, akaanza kueleza, na kabla mwanamume hajaingia kwenye picha, basi kubwa la buluu likapita, refu, halimaliziki. Sauti ya mwandishi inaendelea. Basi likaisha, mwandishi yuko peke yake.

Hivyo ndivyo nilivyomzika mume wangu, wasomaji wangu. Chini ya basi la buluu. Nikamshukuru kijana nikatoka.

Studioni walinivuta kwenye picha ya pamoja. Ile picha Mwenyekiti ameitundika ukutani kwake. Ukienda utaniona, ni yule wa pembeni, anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Wifi hakuwemo kwenye picha. Nilimkuta kwenye korido, ameegemea mashine ya maji ya kunywa, kanga yake imelowa machozi.

"Usilie hapa," nikamwambia. "Nimemwondoa. Nimemwomba yule kijana, amemfunika. Mama hatamwona."

Akainua uso. "Wifi, unamficha nani?"

"Mama."

"Mama anajua."

Niliisikia sentensi, ila haikuingia. Ilibaki mlangoni.

"Anajua nini?"

"Kila kitu. Kaka hakumaliza hata mwaka kule ng'ambo. Mkataba ulivunjika, akarudi, akaona aibu kuja nyumbani mikono mitupu. Akapata kazi mji wa jirani, akapata na mwanamke. Simu zote zile alizokuwa anakupigia alikuwa anapiga kutoka pale pale."

"Na mama?"

"Unakumbuka kabla hajaanguka, alikwenda kumwuguza dada yake?"

Nakumbuka. Nilimshonea gauni la safari. Nilimfungia na nguo za kumpa mgonjwa.

"Hakukuwa na mgonjwa," wifi akasema. "Alikwenda kwa kaka. Jina la yule mtoto alilitoa mama."

Nikaegemea ukuta. Juu ya mlango wa studio ile taa nyekundu ikawaka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilishukuru kwa amri ya kunyamaza.

Ilipozimika nikauliza, "Na kila Jumapili ninapomwambia mwanawe kapiga simu?"

"Anajua hajapiga." Akajifuta. "Anasema ukitoka chumbani huwa analia. Anakuhurumia."

"Ananihurumia mimi?"

"Wifi..."

"Nimebeba nyonga yake, nimebeba na aibu ya mwanawe, halafu yeye ananihurumia! Kwa nini hakuniambia? Kwa nini wewe hukuniambia?"

"Mimi aliniapisha. Yeye aliogopa utaondoka." Akatazama chini. "Ukiondoka, nani angemnyanyua? Mimi unanijua, na mgongo wangu huu. Na kuna mengine, wifi, lakini hayo ni yake kuyasema. Mimi yamenishinda."

Kuna hasira inayokupa nguvu, na kuna nyingine inayokumalizia ulizobaki nazo. Yangu ilikuwa ya pili. Hata hivyo ilinifikisha tena kwenye mlango wa Mkasi.

"Mwanangu, liondoe basi."

Aligeuka kama aliyemwagiwa maji. "Mama!"

"Liondoe. Aonekane. Aonekane mpaka kovu."

"Nusu saa iliyopita ulisema utakuta maiti."

"Maiti ni mimi. Watu wa nyumbani kwangu walishajua, nilikuwa sijaambiwa."

Akanitazama sana. Nadhani hakuelewa, ila alikuwa na adabu ya kutouliza.

"Habari imeshatoka mikononi mwangu," akasema. "Nimeituma kwa mafundi mitambo, na bosi yuko mle ndani. Nitajaribu. Ila sikuahidi, mama. Nenda nyumbani ukapumzike."

Kupumzika. Neno zuri hilo.

Nilirudi na wenzangu, kila mtu ananiongelesha mambo ya hali ya hewa. Wifi alisema kichwa kinamuuma, akashuka njiani.

Nyumbani jirani alinikabidhi ufunguo, akaniambia bibi leo hakula. Nikaingia chumbani. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake kando ya kitanda, simu kaishikilia kifuani. Nikaichukua niiweke mezani. Ilikuwa bado ya moto. Basi nikajua wifi alikuwa na kichwa cha namna gani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mlitembea salama?"

"Salama."

Nikamwosha uso. Nikambadilisha nguo. Nikampa chai, akanywa mafunda mawili akasukuma kikombe. Mikono yangu ilifanya kazi zote hizo bila kuniuliza. Nilitamani kumpigia kelele, nikashindwa kupata mahali pa kuanzia. Utamfokea vipi mtu huku unamfunga vifungo?

Saa moja ikakaribia. Nikanyoosha mkono kuwasha televisheni.

"Leo usiwashe," akasema. "Macho yananiuma."

Tangu niolewe kwenye nyumba ile sijawahi kusikia maneno hayo.

"Nitapunguza mwanga," nikamwambia. Nikawasha.

Akatokea yule msomaji, koti na tai, nadhifu kama bwana harusi. Ikapita habari ya kwanza. Ikapita ya pili. Mimi sikuwa natazama kioo, nilikuwa namtazama mama. Msomaji alipotamka "kituo kipya cha mabasi", mama akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayechomwa sindano.

Mwandishi akaanza kueleza vumbi na msongamano. Nikageuka kutazama.

Basi la buluu likapita. Refu, halimaliziki. Likaisha, na mwandishi yuko peke yake, anawatakia watazamaji jioni njema.

Mkasi hakuweza. Ama hakutaka, sikuja kujua. Mume wangu hakuonekana kwa mtu yeyote mjini siku ile isipokuwa sisi mafundi nguo.

"Ameshapita?" mama akauliza. Macho bado ameyafumba.

Ningeweza kumwambia ukweli. Ningemwambia, mama, hakuna aliyepita, ni basi tu, nasi tukarudi kwenye Jumapili zetu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Nilichoka kufunga milango ya watu.

"Ameshapita, mama."

"Alikuwa na mtoto?"

"Mabegani."

Akashusha pumzi ndefu. Akafumbua macho, ila hakunitazama.

"Wifi yako ameniambia umeambiwa. Alisema picha imefunikwa, sikuamini. Nilisema labda nikifumba macho jambo hili halitakuwa." Akapapasa mkono wa kiti. "Zima, mwanangu. Nilaze, nikwambie lililobaki nikiwa nimelala. Nimechoka kukaa nalo."

Nikazima. Nikainama, mkono mmoja chini ya mapaja yake, mwingine nyuma ya mgongo, naye akanikumbatia shingoni kama siku zote. Nikamnyanyua. Tulikuwa katikati, kiti kiko nyuma yetu na kitanda hatujakifikia, aliponisemesha sikioni.

"Yule mwanamke amefariki. Mwezi wa pili sasa."

Nikasimama.

"Mtoto hana wa kumlea. Baba mtu anashinda kazini, anamwacha kwa majirani. Anabebwa bebwa kama kifurushi."

"Mama, unaniambia nini?"

"Anakuja kesho asubuhi. Yeye na mtoto."

"Anakuja wapi?"

"Kwake. Hapa." Akanibana shingo zaidi. "Aliogopa, nikamwambia usiogope, njoo. Mke wako namjua kuliko unavyomjua wewe. Huu mwaka mzima ananibeba, na hajaniangusha hata siku moja. Nimeshamwambia utampokea."

Mama mkwe wangu si mzito. Ugonjwa umemla, amebaki kama furushi la nguo zisizopigwa pasi. Lakini jioni ile mikono yangu ilianza kutetemeka, kuanzia mabegani ikashuka mpaka kwenye vidole, na sikujua kama kule kutetemeka ni uchovu au ni jibu.

"Mama," nikamwambia, "jishike kwenye kitanda."

"Kwa nini? Mbona hunifikishi?"

"Jishike kwanza."